Usiniambie Nikague Boksi



Kuna ushauri mmoja unaonichosha, na leo nimeamua kuutolea uvivu. Muulize mtu yeyote hapa Nairobi namna ya kupata plagi halisi za gari, atakujibu: kagua boksi. Tazama herufi kama zimenyooka. Tazama hologramu kama inang'aa. Linganisha rangi na ile ya picha kwenye tovuti ya kampuni. Kampuni zenyewe huchapisha vikaratasi vya aina hiyo, picha mbili kandokando, halisi huku na bandia huku, kama ule mchezo wa magazetini wa kutafuta tofauti saba. Kisha zinakutakia ununuzi mwema!

Mimi ni mkaaji wa Ziwani. Kwa asiyeijua, Ziwani ni mtaa wa zamani wa baraza la jiji, jirani na Kariokor na Starehe, na ukitembea kwa miguu si safari kubwa kufika Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kila spea iliyowahi kuota kutu duniani unaipata hapo. Utani wa jiji ni kwamba ukiibiwa kioo cha pembeni asubuhi, mchana utauziwa kiohicho. Kwa hiyo nasema kama jirani wa soko. Na kwa kazi mimi ni mwandishi wa programu, shahada yangu ni ya sayansi ya kompyuta, na kila nisikiapo "kagua boksi" nasikia kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili angenyimwa alama zote kwa kuliandika.

Kosa lenyewe nitalieleza. Kwanza tuiheshimu plagi, kwa sababu watu wengi wanaichukulia kama balbu ya nyumbani: ikiungua utaweka nyingine.

Injini ya petroli ya kawaida ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi inapiga cheche mara 25 kwa sekunde. Fanya hesabu mwenyewe: cheche moja kwa kila mizunguko miwili. Ukienda hivyo kwa saa moja, plagi moja imepiga cheche 90,000. Kila cheche inahitaji umeme wa volti elfu nyingi uruke mwanya wa milimita moja hivi, ndani ya chumba chenye moto na shinikizo, bila kuvuja pembeni. Kinachouzuia usivuje ni ile kauri nyeupe. Ndani ya kauri, kwa plagi nyingi za magari ya siku hizi, kuna rezista inayozuia makelele ya umeme yasisumbue redio na kompyuta ya gari. Na ncha ya plagi lazima ikae katika joto la kati: ikipoa chini ya nyuzi 450 hivi inashika masizi, ikipita 850 hivi inaanza kuwasha mafuta yenyewe kabla ya zamu yake, na hapo ndipo pistoni hutoboka.

Sasa mtu akichukua kauri hafifu, asiweke rezista, akachomelea waya wa chuma chochote na kuupaka rangi ya fedha, umeme haukosi njia. Unapita ufa wa kauri badala ya mwanya. Gari "linamisi", kama mafundi wetu wanavyosema. Petroli isiyoungua inakwenda kuungulia kwenye katalitiki ya ekzosi na kuiyeyusha. Koili inalazimika kusukuma kuliko uwezo wake mpaka inakufa. Umeokoa shilingi mia kadhaa, umeua vitu vya maelfu.

Jirani yangu mmoja, mzee wa teksi mwenye Probox, alinigongea mlango jioni moja. "Kijana wa kompyuta, njoo na ile mashine yako ya kupima." Alimaanisha multimita. Plagi nne zilikuwa na wiki tatu tu. Nilipima moja baada ya nyingine kutoka kichwani hadi kwenye elektrodi ya kati. Mbili zilisoma omu elfu tano na kitu, ambayo ndiyo ya kawaida kwa plagi yenye rezista. Mbili hazikusoma chochote, kana kwamba ndani hakuna waya. Koili moja ilikuwa imekwisha kufa nazo. Mzee akakaa kimya, kisha akasema: "Lakini boksi nilikagua, kijana wangu. Nilikagua mpaka muuzaji akaniuliza kama mimi ni askari."

"Najua, mzee wangu," nikamwambia. Ningemwambia nini kingine?

Siku mbili bila kazi, na ada ya shule ilikuwa imekaribia. Huyu si mtu aliyependa rahisi wala aliyezembea. Alifanya kila kitu alichoambiwa. Ndiyo maana nakasirika na walioambia, si na aliyeambiwa.

Haya, kosa lenyewe. Katika kazi yetu kuna kanuni ambayo kila mwandishi wa programu hupigiwa kichwani hadi aiote: usiiamini taarifa iliyoletwa na mtu anayefaidika ukiiamini. Mtumiaji akikutumia fomu inayosema "mimi ni meneja", huangalii kama fomu imepigwa chapa vizuri. Unakwenda kwenye hifadhidata yako mwenyewe kuuliza kama yeye ni meneja. Boksi la plagi ni fomu. Limeletwa na yule yule anayetaka pesa zako. Kulikagua kwa makini zaidi hakubadilishi kitu, kama vile kusoma barua ya tapeli mara tatu hakuifanyi kuwa ya kweli.

Mama mboga wa mtaani kwetu anaijua kanuni hii kuliko kampuni za spea. M-Pesa ilianza Machi 2007, na wezi hawakuchelewa kugundua kwamba ujumbe wa malipo ni maandishi tu, mtu yeyote anaweza kuyaandika. Unamwonyesha mama simu yako: "Nimetuma, ona." Mama haoni. Anangoja simu yake mwenyewe ilie. Siku wezi walipoanza kumtumia ujumbe wa uongo moja kwa moja, akajifunza kuangalia salio. Hajali kama maandishi kwenye simu yako yamenyooka. Uthibitisho anautaka kutoka kwenye chanzo, kwa njia isiyopita mkononi mwako. Hakusoma chuo, na mfumo wake wa usalama ni imara kuliko hologramu ya Japani.

Tena vile vikaratasi vya "tofauti saba" vina ubaya mwingine: mwenye kiwanda cha plagi bandia anavisoma pia. Kampuni ikitangaza kwamba bandia wanakosea herufi ya R, imemfanyia kazi ya ukaguzi wa ubora bure. Kundi lijalo la boksi litakuwa na R safi kabisa. Mnunuzi wa Ziwani atasoma kikaratasi mwaka mmoja baadaye, aone R iko sawa, alipe.

Na upande wa pili, vikaratasi hivyo vinakataza mali halali. Kampuni ya Nagoya inayotengeneza plagi za NGK, iliyoanzishwa 1936, ilibadili jina lake Aprili 2023, sasa inaitwa Niterra, huku alama ya NGK ikibaki kwenye plagi. Mtu aliyekariri jina la zamani la kampuni akikutana na jina jipya atapiga kelele "feki!" Kuna na wale wanaoapa kwamba lazima iandikwe imetengenezwa Japani. NGK ina viwanda Brazil, Indonesia, Thailand na kwingineko, na plagi za huko ni halisi kama za Nagoya. Wakati huohuo maneno "Made in Japan" yanaweza kuchapishwa na mtu yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Kwa hiyo kipimo kinampitisha mwongo na kumkamata mkweli. Kama ningeandika programu ya namna hiyo kazini ningeombwa nikusanye virago.

Basi wakubwa wakasikia malalamiko, wakatuletea QR. Teknolojia! Unaelekeza simu kwenye boksi, ukurasa unafunguka, nembo ya kampuni inajitokeza, tiki ya kijani, "Hongera, bidhaa yako ni halisi." Watu wanapiga makofi. Ndugu zangu, mraba ule ni maandishi tu yaliyoandikwa kwa vidoti. Nikipiga picha mraba wa boksi moja halisi nikauchapisha mara elfu hamsini, yote elfu hamsini itafungua ukurasa ule ule wa kweli wa kampuni ile ile ya kweli, na tiki itakuwa ya kijani vile vile. Nikiwa mvivu zaidi, natengeneza mraba unaofungua ukurasa wangu mwenyewe, na kwangu tiki itakuwa kubwa zaidi. Msimbo usiobadilika, usiohesabiwa na seva, ni hologramu iliyovaa suti.

Kinachofanya kazi tulikishika mikononi tangu tukiwa shule. Kumbuka kadi ya kukwangua ya muda wa maongezi. Ya shilingi 20 tu! Nambari imefichwa chini ya rangi, ni ndefu na ya kubahatisha, na ukiiingiza mara moja imekufa. Mtu akikuuzia iliyokwisha kutumika, mtandao unaikataa hapo hapo, kabla hujaondoka kwenye kioski. Hakuna aliyewahi kukwambia "kagua karatasi ya kadi kama inang'aa". Haikuhitajika.

Chukua wazo hilo uliweke kwenye boksi la plagi. Tuseme msimbo una tarakimu 14 na misimbo milioni moja iko sokoni. Mtu anayekisia ana nafasi moja kati ya milioni mia moja ya kupatia. Hawezi kukisia, basi anabaki na kunakili. Akinakili msimbo mmoja mara elfu, mnunuzi wa kwanza atajibiwa "halisi", na wa pili ataambiwa "msimbo huu uliulizwa Jumanne saa nne". Hapo hapo kwenye kaunta, kabla pesa haijatoka. Intaneti si lazima, ujumbe mfupi unatosha. Na kampuni inapata zawadi ambayo hakuna kikaratasi kitakachoipa: inajua msimbo uliopelekwa Mombasa unaulizwa Kampala mara mia tatu.

Sizui kitu. Waafrika wenzetu walikwisha fanya haya kwa dawa, ambako bandia inaua mtu na si injini. mPedigree ya Bright Simons kule Ghana, Sproxil ya Ashifi Gogo, na nchini Nigeria shirika la kusimamia dawa, NAFDAC, lilianza kuutumia utaratibu wa kukwangua na kutuma ujumbe mwaka 2010. Mwaka 2010, wadau! Simu za wakati huo zilikuwa za tochi.

(Na kabla hujaniletea blokcheni: tatizo letu halikuwa kwamba daftari linafutwa usiku. Tatizo ni kuunganisha daftari na kipande cha chuma kilicho mkononi. Blokcheni haijui kama plagi iliyomo ndani ya boksi ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Kaa chini.)

Sasa nifike pale panaponiwasha hasa. Serikali yetu inajua kufanya hivi. Inajua vizuri sana. Mamlaka ya ushuru, KRA, ilianzisha mwaka 2013 mfumo wa stempu za ushuru, EGMS, kwa sigara na vileo. Novemba 2019 ukafika kwenye maji ya chupa, soda na juisi. Kila stempu ina alama yake ya kipekee, na kuna programu ya simu, Soma Label, ambayo raia yeyote anaweza kuitumia kuikagua. Stempu bandia huzuka pia, ndiyo, na hukamatwa, kwa sababu kuna daftari la kuzilinganisha nalo.

Yaani ninaposimama kioski cha Ziwani, chupa ya maji ninayoinunua ina kitambulisho chake, na serikali inaweza kuuliza ilitoka wapi. Plagi inayoamua kama matatu yenye watu 14 itazima ikiwa inapita lori kwenye barabara ya Nakuru haina kitambulisho. Tofauti ni nini? Kwenye chupa kuna ushuru wa serikali. Kwenye plagi kuna hasara ya mnunuzi. Mfumo hulinda anayeulipia.

Mtu wa shirika la viwango, KEBS, ataniambia kuna vibandiko vya bidhaa za nje na unaweza kutuma nambari kwa 20023 ukajibiwa. Vizuri, na nawashauri mtume. Lakini elewa unachouliza. Jibu linalosema nambari hii ipo na ni ya mwagizaji fulani halisemi kwamba kibandiko kilicho mbele yako ndicho kilichopewa nambari hiyo. Turudi kwenye kadi ya kukwangua: bila kuifuta nambari ikishatumika, nakala elfu zinaishi kwa jibu moja la kweli.

Na sheria je? Tunayo tangu 2008, sheria ya kupambana na bidhaa bandia, na wakala wake siku hizi ni mamlaka kamili, ACA. Adhabu si ndogo: kosa la kwanza hadi miaka mitano gerezani, au faini isiyopungua mara tatu ya bei ya rejareja ya kila kitu kilichokamatwa, au vyote viwili. Lakini isome na ujiulize imeandikwa kwa ajili ya nani. Kitovu chake ni mwenye alama ya biashara. Ni haki yake iliyoibiwa, ni jina lake linalosafishwa mali inapochomwa moto mbele ya kamera. Mzee wa Probox hayumo kwenye picha ile. Hakuna anayemrudishia koili.

Tena sheria hiyo iliwahi kupita mpaka. Mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya watu waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, kwamba ilivyoeleza maana ya bidhaa bandia iliweza kuzuia dawa halali za bei nafuu, na hivyo kuhatarisha haki yao ya kuishi. Naikumbusha kesi hii kwa sababu hata kwenye plagi watu wanachanganya rahisi na feki. Plagi ya kampuni usiyoijua, iliyoandikwa jina lake la kweli, si bandia. Inaweza kuwa nzuri, inaweza kuwa mbovu, lakini haijakudanganya. Bandia ni ile iliyoiba jina la mwenzake.

Hapo nakutana na wale wanaosema, "Wakenya wanapenda vitu rahisi, feki wameitaka wenyewe." Hoja ya mtu aliyeshiba. Nenda kaunta ya spea uulize plagi, na mara nyingi utaulizwa swali hili bila aibu: "Bosi, unataka orijino ama orijino kabisa?" Sikiliza vizuri swali hilo. Muuzaji anajua. Ana madaraja mawili kichwani, na bei mbili, na boksi zinazofanana. Asiyejua ni wewe peke yako. Mwanauchumi George Akerlof aliliandika jambo hili mwaka 1970 akitumia mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 wakampa Nobeli: mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibovu, hulipa bei ya katikati, na mwenye kizuri anaona hasara anaondoka. Wanaoumia Kirinyaga Road ni pamoja na wauzaji waaminifu, nao wapo, tena wengi. Mtu anayeleta plagi halisi kwa bei ya haki anashindana na boksi lile lile jirani yake kwa nusu bei. Amthibitishie mteja vipi? Kwa kumwambia akague herufi?

Kuhusu urahisi wenyewe, hapa kuna siri ambayo sijui kwa nini haitangazwi. Plagi ya nikeli halisi ni bei nafuu, na inafanya kazi yake vizuri, ila unaibadilisha mapema, takriban kila kilomita 20,000 au kama kitabu cha gari kinavyosema. Zile za iridiamu zinaweza kwenda hadi 100,000 kwa aina za maisha marefu. Iridiamu si jina la urembo. Ni metali inayoyeyuka kwa nyuzi 2,446 ilhali nikeli huyeyuka kwa 1,455, ndiyo maana ncha yake inaweza kuwa nyembamba kama sindano, milimita 0.4 kwa baadhi ya plagi za Denso, na isiliwe na cheche. Sehemu kubwa yake inachimbwa Afrika Kusini, na mwaka 2021 bei ilipita dola 6,000 kwa aunsi, zaidi ya mara tatu ya dhahabu. Kwa hiyo mtu akikuuzia "iridiamu" kwa bei ya nikeli, huhitaji hologramu. Hesabu imekwisha kukujibu. Na kama mfuko haufiki iridiamu ya kweli, na gari lako linakubali nikeli, nikeli ya kweli inaishinda iridiamu ya uongo kila siku ya wiki.

Mpaka wenye nguvu waamke, mimi hufanya hivi.

Ninajua ninachotaka kabla ya kutoka nyumbani, kwa msimbo, si kwa "plagi za Toyota". Msimbo wa plagi ni lugha, na ukiijua hudanganywi ovyo. Mfano, SK20R11 ya Denso: S ni iridiamu, K ni umbo na vipimo vya skrubu, 20 ni kiwango cha joto, R ni rezista, 11 ni mwanya wa milimita 1.1. Toyota huiuza hiyo hiyo kwenye boksi lake kwa nambari 90919-01210. Ukiambiwa "hii ni sawa tu" na unaona 16 mahali pa 20, unajua si sawa: kwa Denso na NGK nambari ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, na kwa Bosch ni kinyume. Fundi akileta plagi bila wewe kuona msimbo, hajakuletea plagi, amekuletea imani. Namheshimu fundi wangu, ila plagi nanunua mwenyewe. Naye ameridhia, maana gari likimisi halaumiwi yeye.

Ninanunua kwa msambazaji aliyetajwa na kampuni yenyewe au kwa wakala wa magari, hata ikibidi kutoka Ziwani mpaka Industrial Area. Hiyo ndiyo simu ya mama mboga: orodha ya wasambazaji nimeipata kwa kampuni, haikupita mkononi mwa muuzaji.

Multimita ninaibeba dukani. Plagi yenye R inatakiwa isome omu elfu kadhaa, kwa kawaida karibu 5,000. Ikisoma sifuri au isisome kabisa, irudishe. Lakini kipimo hiki kinamkamata mwongo tu, hakimthibitishi mkweli, kama vile majaribio ya programu huonyesha kwamba hitilafu ipo, hayaonyeshi kwamba haipo. Bandia nzuri itakuwa na rezista.

Na risiti. Hapa siongei kama mhasibu. Risiti yenye jina la duka, tarehe na msimbo kamili wa plagi ndiyo kamba pekee inayokuunganisha na aliyekuuzia. Bila msimbo, risiti iliyoandikwa "spea" ni karatasi ya kufungia mandazi. Sheria ya kumlinda mtumiaji ya 2012 inakupa haki dhidi ya mtu aliyekudanganya kuhusu bidhaa. Na tangu Aprili 2021 tuna Mahakama ya Madai Madogo, ilianzia Milimani, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka imalize ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Plagi nne, koili moja, siku mbili za teksi: hayo ni madai halali kabisa. Mzee wangu wa Probox hakuwa na risiti. Wangekuwa nazo watu hamsini tu wa mtaa wetu, wakaenda Milimani mwezi mmoja, lile swali la "orijino ama orijino kabisa" lingeanza kuulizwa kwa sauti ya chini.

Kisha plagi zilizotolewa. Usimwachie mtu yeyote gerejini, wala usizitupe zikiwa zimerudishwa kwenye boksi lake zuri. Kuna mtu anayekusanya boksi tupu, na plagi kuukuu ikipigwa brashi ya waya na kupanguswa petroli inang'aa kama ya leo. Zile nne za mzee tulizimaliza kwa nyundo jioni ile ile nje ya nyumba, kauri ikapasuka, boksi tukalichana vipande vipande. Watoto wa ploti walituzunguka wakidhani tumepata wazimu.